Printa ya nyumbani inapotoweka mtandaoni: Mipangilio ya kuangalia kabla ya kumwita fundi

PRINTA nyingi zinazouzwa siku hizi kwa matumizi ya nyumbani hupokea kazi bila waya. Mnunuzi huweka mashine sebuleni, huiunganisha na mtandao wa nyumba, huchapa kurasa mbili tatu za majaribio, na mambo huwa shwari kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja, na aghalabu ni siku ambayo mtoto anatakiwa kupeleka fomu shuleni, kompyuta hutoa ujumbe kwamba printa haipatikani, ilhali taa zake zinawaka na karatasi zimo.

Wengi huamua papo hapo kuwa printa imeharibika. Wengine huifuta kwenye kompyuta na kuisajili upya, kazi inayoweza kula saa nzima na ambayo husaidia kwa bahati tu. Wapo pia wanaoibeba hadi kwa fundi, na huko ikachapa bila matatizo kwa kuwa fundi ameiunganisha kwa waya wa USB. Mwenye mali hurudi nyumbani akiwa amelipa nauli na gharama za ukaguzi, na tatizo likiwa palepale.

Katika hali nyingi za namna hiyo printa ni nzima. Kilichobadilika ni mpangilio mmoja wa mtandao, na mpangilio huo unaweza kurekebishwa na mtu asiye fundi, ilimradi ajue pa kuutazama.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba printa isiyotumia waya kwa kawaida haiunganishwi moja kwa moja na kompyuta. Huunganishwa na rauta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani. Kompyuta, simu, televisheni na printa ni kama wapangaji wa nyumba moja, na rauta ndiyo mwenye nyumba anayegawa vyumba. Kompyuta inapotaka kuchapa, humkabidhi rauta kazi hiyo pamoja na namba ya chumba cha printa, naye rauta huifikisha.

Kutokana na mpango huo, uchapaji wa nyumbani hauhitaji intaneti. Bando likiisha, au kampuni ya mawasiliano ikikata huduma, rauta huendelea kuviunganisha vyombo vya ndani na printa huendelea kuchapa. Isipokuwa, na hili ni la kuangaliwa dukani, zipo printa zinazouzwa kwa masharti ya kuwa kwenye intaneti muda wote. Mfano ni zile za HP zilizoingizwa katika mpango wa HP+, ambao pia unamtaka mtumiaji atumie wino wa kampuni hiyo peke yake. Kwa familia inayonunua bando la siku au la wiki, masharti ya aina hiyo si madogo, na inafaa kuyasoma kwenye boksi kabla ya kutoa fedha.

Anwani inayohama

Chombo chochote kinapojiunga na mtandao, rauta hukipa anwani ya namba iliyogawanyika katika mafungu manne, kwa mfano 192.168.1.23. Anwani zinazoanza na 192.168, pamoja na mafungu mengine mawili, zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa ajili ya mitandao ya ndani tu. Hazitumiki kwenye intaneti ya nje, na ndiyo maana nyumba ya Sinza na nyumba ya Buruburu zinaweza kuwa na printa zenye namba ileile bila kugongana.

Utaratibu wa kugawa anwani hizo huitwa DHCP. Printa haipewi anwani ya kudumu. Huikodi kwa muda, pengine saa 24, kisha huomba kuongezewa. Maadamu vyombo vyote vinabaki vimewashwa, kila kimoja hurudishiwa namba yake na hakuna anayeona tofauti.

Shida huja umeme unapokatika. Rauta nyingi za bei nafuu husahau orodha ya wapangaji pindi zinapozimika. Umeme ukirudi, kila chombo hukimbilia kuomba namba, na simu inayowahi inaweza kupewa ile 23 iliyokuwa ya printa. Printa, ambayo huchukua muda kuwaka na kusafisha vichwa vyake vya wino, hupewa 27. Kompyuta haijapewa habari. Inaendelea kupeleka kazi kwa 23, kwa mpangaji ambaye hajui lolote kuhusu uchapaji, na baada ya kusubiri inatangaza kuwa printa haipatikani.

Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: simu inachapa lakini kompyuta haichapi. Simu nyingi huitafuta printa upya kwa jina kila zinapotaka kuchapa, wakati kompyuta iliyosajili printa kwa namba hushikilia namba ya zamani. Mtu akiona hivyo, hana haja ya kugusa wino wala kuondoa programu yoyote.

Tiba yake ni kumwagiza rauta aitengee printa namba moja milele. Hatua ya mwanzo ni kuchapa ukurasa wa taarifa za mtandao, ambao printa nyingi huutoa kupitia menyu yake au kwa kubonyeza vitufe fulani vilivyoelezwa kwenye kijitabu. Ukurasa huo ni hazina ambayo wengi huutupa. Humo mna jina la mtandao, anwani ya sasa, nguvu ya mawimbi, na alama 12 za tarakimu na herufi kati ya A na F ambazo huitwa anwani ya MAC. Hiyo ndiyo namba ya kuzaliwa ya printa, haibadiliki kwa kukatika umeme.

Baada ya hapo mtumiaji hufungua kivinjari kwenye kompyuta, huandika anwani ya rauta iliyobandikwa chini ya kisanduku chenyewe, na kuingia kwa neno la siri la msimamizi. Katika sehemu inayohusu DHCP huwa pana nafasi ya kuandika anwani ya MAC na namba inayotengwa kwa ajili yake. Akishahifadhi na kuizima na kuiwasha printa, huisajili mara moja tu kwenye kompyuta kwa namba hiyo. Umeme ukatike mara tano kwa siku, namba itabaki ileile.

Baadhi ya mafundi hupendelea njia nyingine, yaani kuandika anwani ya kudumu ndani ya printa yenyewe. Njia hiyo inafanya kazi, ila ina mtego. Familia ikihama kampuni ya mawasiliano na kuletewa rauta nyingine, anwani zake zinaweza kuwa za ukoo tofauti. Rauta nyingi za laini za simu zilizotengenezwa na Huawei hugawa namba zinazoanza na 192.168.8, na nyingi za TP-Link zinaanza na 192.168.0 au 192.168.1. Printa iliyofungiwa namba ya ukoo wa zamani itajiunga na mawimbi ya rauta mpya, taa yake ya bluu itawaka vizuri kabisa, na hakuna kompyuta itakayoweza kuifikia. Kutengewa namba na rauta ni salama zaidi kwa nyumba ya kawaida.

Ipo namba moja ya kukariri. Ukurasa wa taarifa ukionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake printa haikupewa chochote na rauta, ikaamua kujipa yenyewe. Hapo hakuna faida ya kuhangaika na kompyuta. Tatizo liko kati ya printa na rauta. Izimwe printa, izimwe rauta, iwashwe rauta kwanza na kuachwa dakika mbili au tatu, ndipo printa iwashwe. Isiposaidia, mtandao uchaguliwe upya kwenye menyu ya printa na neno la siri liandikwe tena kwa uangalifu wa herufi kubwa na ndogo.

Mawimbi na kuta

Rauta za kisasa hutangaza katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Printa nyingi za nyumbani, hasa za bei ya chini, husikia gigahezi 2.4 pekee. Huo si upungufu mkubwa, kwani masafa hayo hupenya kuta vizuri zaidi na ukurasa wa maandishi hauhitaji kasi ya ajabu. Vurugu huanza pale mwenye nyumba alipoyapa masafa hayo majina mawili tofauti, akaandika neno la siri la gigahezi 5 na kushangaa kwa nini printa haioni jina hilo kwenye orodha. Haitaliona kamwe.

Rauta nyingine huyaunganisha masafa yote chini ya jina moja. Kwa kazi za kila siku hilo halina madhara, lakini programu za simu zinazosaidia kusajili printa mara nyingine huchanganyikiwa simu ikiwa upande wa gigahezi 5. Kuzima masafa hayo kwa dakika kumi za usajili, kisha kuyarudisha, huondoa adha hiyo.

Ukuta wa tofali za saruji wenye nondo hupunguza mawimbi kwa kiasi kikubwa kuliko kuta za mbao na jasi ambazo waandishi wengi wa vijitabu vya printa wanazifikiria. Kabati la chuma na friji hufanya vivyo hivyo. Katika majengo ya ghorofa yenye mitandao kumi au ishirini inayosikika kwa pamoja, inafaa rauta ipangwe kwenye chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani katika gigahezi 2.4. Ukurasa wa taarifa ukionyesha nguvu ya mawimbi karibu na hasi 50, hali ni nzuri. Ikifika hasi 80, printa isogezwe.

Mtandao wa mfukoni

Nyumba nyingi mijini hazina rauta ya kudumu. Intaneti hutoka kwenye kile kirauta cha mfukoni chenye laini, au kwenye simu ya baba. Anayeondoka nacho asubuhi huondoka na mtandao mzima, na printa hubaki yatima hadi jioni.

Simu ikitumika kama rauta, mtumiaji aangalie kwamba inatangaza katika gigahezi 2.4. Simu nyingi za Android zina chaguo hilo katika mipangilio ya kugawa intaneti, na iPhone kuanzia toleo la 12 zina swichi ya kuongeza upatanifu na vyombo vya zamani, ambayo hufanya kazi hiyohiyo.

Njia nzuri zaidi kwa nyumba ya namna hii ni Wi-Fi Direct, utaratibu ulioanza kuthibitishwa mwaka 2010. Printa hutangaza mtandao wake yenyewe, kwa kawaida wenye jina linaloanza na DIRECT, na simu au kompyuta hujiunga nao bila rauta yoyote. Kasoro yake ni kwamba watumiaji wengi huacha neno la siri la kiwandani, ambalo katika baadhi ya printa ni 12345678. Jirani wa ghorofa ya juu hahitaji elimu ya kompyuta kulikisia.

Kuna vizuizi vingine vitatu vinavyofaa kutajwa kwa ufupi. Mtandao wa wageni unaotolewa na rauta nyingi huruhusu intaneti lakini hukataza vyombo kuonana, kwa hiyo printa isiwekwe huko isipokuwa kwa makusudi. Kompyuta mpakato ya ofisini yenye VPN inaweza kupeleka kila kitu kwa mwajiri na kuisahau printa iliyo hatua tatu kutoka mezani. Na Windows ikiambiwa kuwa mtandao wa nyumbani ni wa umma, hujificha na huacha kutafuta vyombo vya jirani.

Milango iliyoachwa wazi

Printa hupokea kazi kupitia milango ya mtandao yenye namba. Unaofahamika zaidi ni 9100, ambao hupokea chochote unacholetewa na kukichapa bila kuuliza jina la mletaji. Ndani ya nyumba hilo halina tatizo. Tatizo hutokea mlango huo unapofunguliwa hadi kwenye intaneti.

Machi 2016, Mmarekani Andrew Auernheimer alitumia mlango huo kuchapa karatasi za chuki dhidi ya Wayahudi katika printa za vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, bila kuondoka alipokuwa. Novemba 2018, mtu aliyejiita TheHackerGiraffe alizifanya printa zipatazo 50,000, kwa madai yake mwenyewe, zichape tangazo la kumpigia debe mwanavideo wa YouTube, PewDiePie. Tukio la pili lilichekesha watu, lakini njia iliyochapa mzaha ndiyo ingeweza kutumiwa kuharibu mipangilio ya mashine.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, walizijaribu printa 20 za watengenezaji mbalimbali na kukuta kwamba kila moja ilikuwa na udhaifu wa namna moja au nyingine. Baadhi ziliweza kushawishiwa kumpa mvamizi kazi zilizochapwa na wengine. Kwa nyumba inayochapa taarifa za benki, vyeti vya kuzaliwa na majibu ya hospitali, hilo si jambo la kupuuzwa.

Rauta ya nyumbani kwa kawaida huzuia wageni kutoka nje, ila mwenye nyumba mwenyewe akifungua mlango, au akiacha UPnP iwashwe na chombo fulani kikaufungua kwa niaba yake. Anayehitaji kuchapa akiwa mbali asifungue mlango wa 9100 kwa hali yoyote. Atumie huduma ya mtengenezaji wa printa. Huduma ya Google iliyoitwa Cloud Print, ambayo bado inatajwa kwenye vijitabu vya printa za zamani, ilifungwa Desemba 31, 2020.

Kuhusu ulinzi wa mawimbi yenyewe, mpangilio wa kuchagua ni WPA2 au WPA3. WEP ilivunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001 na haifai kabisa. WPA2 ilianza mwaka 2004 na printa karibu zote zilizo majumbani zinaielewa. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na printa nyingi za kabla ya hapo haziijui. Rauta ikiwekwa WPA3 peke yake, printa ya zamani itakataa kujiunga. Suluhisho ni mpangilio mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, si kushuka hadi WEP ili kuifurahisha mashine moja.

Kitufe cha WPS, kinachounganisha printa kwa kubonyeza tu, ni salama kiasi kwa sababu hufungua nafasi kwa dakika mbili. Namba yake ya siri ya tarakimu nane ndiyo yenye hatari. Desemba 2011, Stefan Viehböck alionyesha kwamba rauta huikagua namba hiyo kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile saba za mwanzo. Nusu ya kwanza ina uwezekano 10,000 na ya pili 1,000, hivyo majaribio 11,000 yanatosha mahali palipodhaniwa kuhitaji milioni nyingi. Namba hiyo izimwe kwenye mipangilio ya rauta.

Printa nayo ina neno la siri la msimamizi, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Mtu akiandika anwani ya printa kwenye kivinjari, hufunguka kurasa za mipangilio yake yote. Kivinjari kinaweza kutoa onyo kuhusu cheti. Kwa printa ya nyumbani hilo ni la kawaida, kwani imejiandikia cheti chenyewe. Juni 2025, kampuni ya usalama ya Rapid7 ilieleza kuwa katika mifano 689 ya vyombo vya Brother, neno la siri la kiwandani lilitokana na namba ya usajili ya mashine, na anayeifahamu namba hiyo angeweza kulikokotoa. Kwa mashine zilizokwisha kuuzwa, masasisho ya programu pekee hayakuweza kuliondoa tatizo hilo. Wenye printa hizo walitakiwa wabadilishe neno la siri wenyewe.

Kabla ya kuuza au kupeleka kwa fundi

Printa huhifadhi neno la siri la mtandao wa nyumba. Inapouzwa kwa mtu, inapopelekwa steshenari kama malipo ya deni, au inapoachwa kwa fundi kwa wiki moja, neno hilo huenda nayo.

Kurudisha mipangilio ya kiwandani hulifuta kwa kawaida, lakini si mara zote. Julai 31, 2023, kampuni ya Canon iliwatahadharisha wateja kuwa katika takriban mifano 200 ya printa zake za wino, taarifa za Wi-Fi huenda zisifutike kwa njia ya kawaida. Ilishauri mipangilio yote ifutwe, kisha Wi-Fi ya printa iwashwe, kisha mipangilio yote ifutwe mara ya pili. Kwa mifano isiyo na amri ya kufuta mipangilio yote kwa pamoja, ilitoa maelekezo ya kufuta mipangilio ya mtandao, kuwasha Wi-Fi, na kufuta tena.

Mwenye printa ambayo imekwisha kuondoka nyumbani bila kufutwa bado ana njia moja, nayo ni kubadili neno la siri la Wi-Fi kwenye rauta, kisha kuliandika upya kwenye simu na kompyuta zote za nyumbani.